Koti Mkononi

Saa moja asubuhi, upande wa Likoni, lango la Feri linapofunguliwa na watu wanapoteremka kwa kishindo kuiwahi meli, mtafute mwanamume mmoja katikati ya umati. Humkosi. Shati jeupe limepigwa pasi, tai ingali mfukoni, na koti amelilaza juu ya mkono wa kushoto, bitana ikiwa nje. Mkono huo ameukunja kama aliyepakata mtoto mchanga, maana nyuma yake yuko kijana mwenye kapu la samaki, mbele yake mkokoteni wa madafu, na ubavuni mama aliyejitwika sufuria la mbaazi. Meli ikigota kisiwani atapanda kilima pamoja na maelfu ya wenzake hadi stejini, ataingia matatu ya Posta, atashuka, na koti bado liko mkononi. Atalivalia mlangoni pa ofisi. Jioni atalivulia pale pale.

Nimevuka hapo miaka mingi na bado vazi hilo linanishangaza. Mlango wa bahari wenyewe ni mfupi, yapata nusu kilomita, lakini inakadiriwa kwamba watu kama 300,000 huuvuka kwa siku, na kwenye msongamano kama huo kila kinachobebwa mkononi ni mzigo. Mwezi wa Machi joto la Mombasa hufika nyuzi 32. Hata Julai, kusi inapovuma na wenyeji wanapolalamika baridi mpaka watu wa Nyahururu wanawacheka, joto la alfajiri huwa karibu nyuzi 20. Mwili hauhitaji koti. Sasa mbona linavuka kila siku?

Tuanze na neno. Kiswahili kililitoa kwa Waingereza, na Waingereza nao walilitoa kwa Wafaransa wa kale, waliosema cote. Cote ya zama hizo haikuwa na kola wala haikupasuliwa kifuani. Ilikuwa vazi refu lenye mikono, la kuvalia kichwani, na lilivaliwa na waume kwa wake. Ukimwonyesha picha yake mzee wa Kibokoni atakwambia hiyo ni kanzu, na sioni la kumbishia. Karne zikapita, mafundi wa Ulaya wakalipasua mbele, wakalipunguza urefu, wakalitia vifungo. Likatufikia likiwa limegeuka kiasi cha kutotambulika. Lingekuja miaka 600 mapema tusingehitaji kuazima neno. Tungesema tu wageni nao wana kanzu zao, ila za kitambaa kizito.

Petikoti ni ndugu wa koti, na maana yake asilia ni koti dogo. Waliolianza huko Uingereza walikuwa wanaume, wakilivaa ndani ili kuzuia baridi, kabla ya wanawake kulichukua na kulishusha kiunoni. Sisi tulilipokea likiwa tayari limeshuka, na ndiyo maana hakuna Mswahili anayesikia koti ndani ya petikoti.

Matamshi nayo yana mchezo wake. Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti, kwa hiyo likatiwa irabu mwishoni kama ilivyotiwa shati, suti na sketi. Lakini neno la Kiingereza la mahakama lilipitia mlango huo huo. Likatoka korti, na katika ulimi wa haraka ile r humezwa, likabaki koti. Sarufi ilijaribu kuyatenganisha: vazi ni koti la, makoti ya, mahakama ni korti ya, korti za. Mtaani Mombasa, ambako watu husema koti yangu na shati yangu bila kujali mwalimu wa Kiswahili atasemaje, uzio huo umeanguka. Linalobaki ni muktadha. Wakili anayeshuka Treasury Square asubuhi ana koti la kuvaa na koti ya kwendea, na akifika ataongeza joho juu ya la kwanza. Hilo joho nitalirudia.

Kabla ya hapo, kuna maana ambazo Kiswahili kilizikataa, na ukataaji huo unafundisha kuliko upokeaji. Mwingereza huita manyoya ya farasi koti. Sisi tuliyaacha yawe manyoya. Mwingereza pia huita alama ya dola koti, kwa sababu wapiganaji wake wa kale, waliojifunika chuma uso mzima, walivalia juu ya chuma hicho vazi lililochorwa alama za ukoo, watu wapate kujua aliye ndani ni nani. Kenya ilipopata alama yake, yenye simba wawili, mikuki, ngao, jogoo aliyeshika shoka na neno Harambee chini, Kiswahili hakikusema koti la taifa. Kilisema nembo. Uamuzi mzuri, kwa maoni yangu: hapa hapakuwa na mtu wa chuma wa kutambuliwa. (Neno hilo hilo la kwenye nembo limeandikwa ubavuni mwa meli mojawapo ya Feri, MV Harambee, na wanaoivukia kila siku wala hawaifikirii dola.) Waliopokea maana ya mbali ni mafundi wa rangi. Wao husema koti ya kwanza, koti ya pili, ingawa wengine hupendelea kusema mkono wa kwanza na wa pili. Sikiliza upatanisho wao: koti ya, si koti la. Akilini mwao hakuna vazi hata kidogo. Ni tabaka tu la rangi ukutani.

Kwa hiyo tulichopokea ni vazi lenyewe. Lakini vazi hilo halikukuta mwili mtupu. Pwani hii ilikuwa na nguo ya juu karne nyingi kabla Uingereza haijatangaza himaya yake mwaka 1895. Kulikuwa na kizibao, kilichodariziwa, cha kuvalia juu ya kanzu. Kulikuwa na bushuti. Na juu ya yote kulikuwa na joho, refu, lililo wazi mbele, lenye nakshi za uzi wa dhahabu kolani. Jina joho linatokana na Kiarabu, na kwanza lilitaja kitambaa chenyewe cha sufu nzito kabla ya kutaja vazi. Sufu nzito, Mombasa! Hapana aliyelivaa kwa baridi. Lilivaliwa na masultani wa Unguja, na maliwali wa Pwani kama Sir Ali bin Salim na Sir Mbarak Ali Hinawy, na bwana harusi kwa siku moja ya maisha yake. Uzito ndio uliokuwa ujumbe: huyu hana haja ya kubeba wala kuchimba, ndiyo maana anaweza kujitia ndani ya sufu chini ya jua hili. Hata leo jina hilo halijapoa mjini. Gavana wa kwanza wa kaunti, Hassan Ali Joho, alikuwa na jina ambalo kwa yeyote anayejua mavazi ya Pwani lilikuwa limekwisha kujipanga kwenye kiti cha enzi.

Koti la Kizungu lilikuja na makarani wa forodha, na reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na shule za misheni, na ofisi. Lilikuta kiti cha joho kiko tayari, likakikalia. Halikuja kufundisha kwamba nguo ya juu ni cheo; jambo hilo lilikuwa linajulikana. Lilichobadilisha ni nani anayeweza kuipata. Joho lilikuwa la wachache kwa nasaba au mali. Koti lilikuwa la yeyote aliyejua kusoma na kuandika barua ya maombi.

Ndipo ukazaliwa ule mchanganyiko ambao mgeni huuona kichekesho na mwenyeji huuona ukamilifu: kanzu na koti. Nenda kwenye nikaha yoyote Mji wa Kale ukaangalie safu ya wazee. Kanzu nyeupe hadi kifundoni, kofia ya vito, na juu yake koti la rangi ya kijivu au nyeusi, la kukatwa Kizungu. Kanzu ilipofika Buganda katika karne ya 19 kwa njia ya wafanyabiashara kutoka Pwani, nayo ilimpata mwenzake huyo huyo, na leo mwanamume wa Kiganda haendi kwenye sherehe ya posa bila vyote viwili. Kanzu husema mtu ni wa nani. Koti husema amekuja rasmi.

Tofauti hiyo imekaa hata katika msemo wa polisi. Afisa wa upelelezi asiyevaa sare huitwa askari kanzu, hata akivaa suruali ya jinzi na fulana. Mtu wa kanzu ni mtu wa watu, amejichanganya, humjui. Hakuna askari koti. Koti halifichi mtu, linamtangaza.

Hapa Feri matangazo hayo husomwa kwa mbali. Koti jeupe la mwuza nyama lenye doa la damu, na koti jeupe la daktari lisilo na doa. Kabuti la mlinzi anayerudi Likoni baada ya zamu ya usiku, zito kama blanketi, na kwa kweli ndilo pekee katika msafara huu linalofanya kazi ya koti, kwa kuwa baharini usiku wa manane kuna upepo. Kisha lipo jaketi, nalo watu hawalichanganyi na koti hata siku moja. Jaketi lina zipu. Koti lina vifungo na kola. Jaketi ni la bodaboda, la kijana, la kazi na la matembezi. Usiende kuposa na jaketi. Na lile la kujiokolea majini ni jaketi pia, wala hakuna aliyewahi kuliita koti. Mtu wa Feri halitaji kwa mzaha, kwa sababu wapo wanaokumbuka tarehe 29 Aprili 1994, kivuko MV Mtongwe kilipopinduka karibu na ufuo na watu 272 wakafa.

Makoti yenyewe hutoka wapi? Zamani kwa fundi, siku hizi zaidi kwa mitumba. Pale Kongowea beli la makoti likifunguliwa, la kwanza kuchaguliwa huitwa kamera, na mabaki ya mwisho huitwa fagia. Makoti ya theluji, yenye manyoya kolani, hununuliwa na mzazi ambaye mwanawe amepata shule ya bweni bara. Makoti ya suti hununuliwa na wanaotafuta kazi. Hayo mengine ni biashara ya kawaida na sina la kuongeza.

Lakini koti lililovaliwa na watu wengi kuliko yote mjini huenda halikuwa na mwenyewe. Namaanisha koti la studio. Studio za picha Afrika Mashariki zilikuwa na desturi ya kutundika koti moja na tai moja kwenye msumari nyuma ya mlango. Mteja wa picha ya pasipoti aliingia na shati lake, akavishwa koti, likabanwa mgongoni kwa pini mpaka likamkaa, akapigwa picha ya kifuani kwenda juu. Akatoka na shati lake. Methali yasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ya studio haikuwa na haja ya kuyasitiri, kamera haikufika huko. Maelfu ya vyeti na fomu kabatini mwa serikali zina nyuso tofauti na koti lile lile.

Na Feri ilikuwa na wapiga picha wake mashuhuri. Katika miaka ya 1990 walipanga vibanda karibu na meli, wengi wao watu wa bara, wakitundika mapazia yaliyochorwa meli na ndege ili anayevuka kwenda kibaruani asimame mbele yake aonekane yuko safarini kwenda mbali. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani Heike Behrend aliandika juu yao mwaka 2000. Ghasia za Likoni zilipozuka Agosti 1997, zikiwalenga watu wa bara, wengi walihama. Ninapofikiria mapazia yale naliona na koti kuwa pazia jingine, ila lenyewe linavalika. Anayelivaa anasimama mbele ya maisha mengine kwa dakika moja, kisha analirudisha kwenye msumari.

Wapo wenye mamlaka ya kuliamuru. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alikataza suti ya Kaunda na mavazi ya kitamaduni bungeni, akisisitiza kwamba mwanamume aingie na koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Suti ya Kaunda nayo ina koti, tena limepewa jina la rais wa kwanza wa Zambia, na Rais William Ruto mwenyewe alikuwa amewazoeza Wakenya kuliona mwaka huo huo. Kosa la suti hiyo ni kutohitaji tai. Basi si kila koti ni koti. Linalohesabika ni lile lililokatwa kwa namna ambayo aliyelivaa hawezi kudai amelivaa kwa starehe yake.

Hata hivyo, aliyelielewa koti kuliko wote hakuwa spika wala fundi. Inasimuliwa Zanzibar, na kurudiwa katika kila mjadala wa siasa, kwamba Sheikh Abeid Amani Karume aliufananisha Muungano na koti: likikubana, unalivua. Yeye na Mwalimu Nyerere waliunganisha nchi zao, Zanzibar na Tanganyika, tarehe 26 Aprili 1964, naye akauawa tarehe 7 Aprili 1972, na koti lake likabaki kwa warithi wagombanie.

Wengi huunukuu usemi huo kama kitisho. Mimi huona kwanza uchaguzi wa vazi. Angeweza kusema kanzu. Angeweza kusema shati, au viatu, ambavyo ndivyo hubana zaidi. Akasema koti, kwa sababu miongoni mwa nguo zote koti ndilo pekee ambalo mtu aweza kulivua mbele za watu asiaibike. Vua kanzu barazani na mazungumzo yatakwisha. Vua koti, na hakuna atakayegeuka kukutazama, maana ndani yake umevaa. Na huo ndio uliokuwa ukweli wa kikatiba wa Zanzibar. Chini ya Muungano ilibaki na rais wake na serikali yake, na mabadiliko ya katiba yake ya mwaka 2010 yakaitamka kuwa nchi. Shati lipo.

Sasa sukuma mfano wa Karume hatua moja mbele, uone unapopasuka. Mwenzi wa Zanzibar, Tanganyika, alivaa koti hilo hilo bila kitu ndani. Serikali ya Tanganyika ilizama ndani ya ile ya Muungano, na tangu hapo mambo ya bara na mambo ya Muungano yanaendeshwa na serikali moja. Kwake koti ndilo shati. Likivuliwa, mmoja atabaki na nguo zake na mwingine atasimama kifua wazi. Tume ya katiba ya Jaji Joseph Warioba ilipopendekeza serikali tatu mwaka 2013, kimsingi ilikuwa inataka Tanganyika ishonewe shati kwanza. Bunge Maalum la Katiba la mwaka 2014 likalikataa shati hilo na kubakia na serikali mbili. Unaweza kuunga mkono upande wowote. Lakini ukitaka kujua kwa nini watu wawili waliovaa koti moja hawasikii joto sawa, mfano wa mzee yule unakupa jibu ambalo alilitoa labda bila kulikusudia.

Mfano huo, angalia, usingefaa kwa mtu wa nchi ya baridi. Huko kuvua koti ni kujihatarisha. Anayekuvua koti amekudhuru. Ni Pwani tu, ambako koti huvaliwa kwa ajili ya macho ya wengine, ndiko linakoweza kuwa mfano wa kitu cha hiari. Karume alikuwa baharia kabla ya siasa, akazunguka bandari za baridi na za joto, na bila shaka alijua tofauti ya kulivaa koti huku na kulivaa kule.

Juzi nilivuka jioni. Watu walikuwa wamebanana kwenye sitaha, na yule bwana wa shati jeupe, au mwenzake, wote hufanana saa hizo, alikuwa amesimama kando ya gari karibu nami, koti likiwa mkononi bitana nje kama asubuhi. Katikati ya maji mvua ikashuka, ile ya ghafla ya masika isiyotoa salamu. Wenye leso wakajifunika. Wenye magazeti wakayaweka kichwani. Yeye akafungua vifungo viwili vya shati, akalikunja koti mara nne, akalisukuma kifuani na kulifumbata kwa mikono yote miwili, akageuzia mvua mgongo. Tulipogota Likoni alikuwa ametota mpaka soksini. Kwenye mteremko wa kutokea, chini ya paa la kibanda cha mwuza kahawa, akalitoa, akalikung'uta, akalipapasa huku na huku. Lilikuwa kavu. Akalilaza tena mkononi, akaenda zake.